Mwanangu anaharisha na ana homa: kweli ni meno?

Swali

Assalaam alaykum daktari. Naishi karibu na Wete, na huyu ni mtoto wangu wa mwanzo, mwanamme, ana miezi saba na nusu. Leo siku ya tatu mwili wake unachemka usiku, anaharisha mara tano mpaka sita kwa siku, udenda haukatiki na kila anachokamata anatia kinywani. Mavyaa anasema ni meno, nisihangaike, watoto wake wote sita waliharisha meno na wote wazima. Jirani yangu amemfunua mtoto ufizi akanionesha vivimbe vyeupe upande wa juu, anasema ni meno ya plastiki na anamjua bibi anayeyatoa. Tena ufizi wa juu ndio uliovimba zaidi, na mavyaa nimemsikia akinong'ona habari za kigego. Dukani nimeuziwa jeli ya kupaka, na nyumbani tuna mafuta ya karafuu. Nifanye nini?

Jibu

Waalaykumu ssalaam warahmatullah, mwanangu. Siku ile ulipoandika nilikujibu mstari mmoja tu: usingoje jino, mchukue mtoto kituoni leo hii, na njiani uwe unamnyonyesha. Nashukuru ulikwenda. Umenirudishia habari kwamba kipimo cha malaria hakikuonesha kitu, mkapewa pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) na vidonge vya zinki, na baada ya siku nne tumbo likakaza na homa ikaondoka. Na jino je? Umeniambia mwenyewe: bado, ufizi uko vile vile.

Basi nusu ya swali umeshajijibu. Kama homa na kuharisha vililetwa na jino, vimeondokaje na jino liko pale pale, halijachomoza?

Tuanze na jino lenyewe. Meno ya utoto ni 20, kumi juu na kumi chini. Kwa watoto wengi hutangulia mawili ya mbele chini, baina ya mwezi wa 6 na wa 10. Hufuata mawili ya mbele juu, mwezi wa 8 mpaka wa 12, kisha ya pembeni yake. Magego ya kwanza huja baada ya mwaka, chonge huja mtoto akikaribia mwaka na nusu au akishaupita, na magego ya mwisho hungoja mpaka miaka miwili na nusu hivi. Wapo watoto wanaozaliwa na jino, na wapo wanaotimiza mwaka vibogoyo huku wanacheka na kila mtu, na wote ni wazima. Akifika mwaka na nusu hajaota hata moja, hapo mlete tumtazame.

Sasa fanya hesabu. Kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili na nusu, karibu kila wakati kuna jino lililotoka juzi, au liko njiani, au limeshainua ufizi. Mtoto akiumwa siku yoyote katika miaka miwili hiyo, ukimfunua kinywa utaona kitu. Ni kama mchukuzi wa bandari ya Mkoani. Kila meli inapofunga yeye yupo, na mzigo wa mtu ukipotea wa kwanza kutazamwa ni yeye. Kosa lake ni kuwa yupo kila siku.

Mwizi mwenyewe anakuja wakati ule ule, na ndiyo maana hakamatwi. Mtoto anapozaliwa huwa amepewa na mama yake kinga inayopita kwenye kondo, na kinga hiyo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Mwezi wa sita imeshakuwa kidogo, na yake mwenyewe bado haijakomaa. Mwezi huo huo wa sita anaanza kulishwa. Na mwezi huo huo anajifunza kukaa, kuserereka na kutambaa, kwa hivyo anaokota: ncha ya mkeka, kandambili ya babu yake, kitu alichokidonoa kuku. Vyote vinapita kinywani. Mtoto wa umri huu angeharisha hata kama Mungu angewaumba watu bila ya meno.

Hapo kwenye kulishwa nina neno moja, maana naliona kila mahali, mjini na shamba. Mama anaamka alfajiri, anapika uji wa mchele mzuri, anautia kwenye chupa ya chai na kuufunga, ili amlishe mtoto saa mbili, saa nne, na adhuhuri kabla hajalala. Anaona amefanya usafi, chupa imefungwa, nzi haingii. Lakini chupa ya chai haiuweki uji katika moto wa kuua vijidudu. Inaushusha pole pole mpaka unakuwa vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali wanayoipenda. Uji wa adhuhuri si ule wa alfajiri tena, hata ukiwa na ladha ile ile. Pika kidogo, mlishe, unaobakia mnywe nyinyi. Kikombe na kijiko kilichooshwa ni bora kuliko chupa ya kunyonyea, ambayo ile nyonyo yake haisafishiki vizuri hata na mtu mwenye bidii.

Na udenda? Udenda huanza mapema, wengine miezi mitatu au minne, kwa sababu tezi za mate zimeanza kufanya kazi sana na mtoto bado hajui kumeza vizuri. Kutia mikono kinywani vile vile. Ndiyo njia yake ya kuijua dunia. Kwa hivyo udenda wa miezi minne haukuambii kuwa jino linakuja kesho.

Sisemi kuwa jino halifanyi kitu. Linafanya. Ufizi unavimba na kuwa mwekundu, mtoto anauma kila kitu (kina mama wanaonyonyesha wanalijua hilo kuliko mimi), anakuwa mnung'unifu, udenda unazidi, vipele vinatoka kidevuni kwa unyevu, uji anaukataa lakini ziwa analitaka. Joto linaweza kupanda kidogo sana. Marekani mwaka 2000 ulitolewa utafiti ambao wazazi wa watoto 125 waliandika kila siku hali za watoto wao, jino kwa jino, mpaka yakahesabiwa meno 475. Dalili kama hizo nilizozitaja zilionekana zaidi katika siku nane hivi zinazozunguka kutoka kwa jino: nne kabla, siku lenyewe linapotokeza, na tatu baadaye. Kuharisha, kutapika, kikohozi na homa kali havikufungamana na jino. Na hata hizo dalili za kweli, watoto wengi hawakuzionesha. Meno mengi hutoka kimya kimya, mama anagundua siku kijiko kinapogonga kitu kigumu.

Mimi mwenyewe ni daktari wa meno, na nimelisema neno hilo hilo la mavyaa wako. Mwanangu wa pili alikuwa na miezi kumi, akawa analia usiku na kuvuta sikio. Nikawaambia watu wa nyumbani kwa kujiamini kabisa: magego hayo, maumivu ya ufizi hupanda mpaka sikioni. Miezi kumi, magego! Mtu niliyeyafundisha haya darasani. Usiku wa tatu tukaamka na doa la usaha kwenye foronya. Lilikuwa sikio tokea mwanzo. Mama yangu hakusema kitu, alikunja tu foronya akaitia kwenye beseni. Tangu siku ile, mtu akiniambia "anaota meno" huwa namuuliza: umemtazama masikio? Mkojo wake unanuka au analia akikojoa? Anapumua vipi? Amepimwa damu?

Kwa hivyo usimwone mavyaa wako hajui. Alilosema yeye, madaktari wa Ulaya waliliandika katika vitabu kwa karne nyingi. Uingereza mwaka 1839 vifo 5,016 viliandikwa kuwa vimesababishwa na kuota meno. Waliwapasua watoto fizi kwa kisu ili jino lipate njia, na mpaka katikati ya karne iliyopita zilikuwa zikiuzwa poda za meno zenye zebaki, zikawadhuru watoto kwa sumu. Walichokuwa wakikiona ni kile kile anachokiona mavyaa: mtoto ana umri wa kuota meno, na mtoto anakufa. Waliunganisha. Leo tunajua wengi wao waliuliwa na kuharisha, homa za mapafu na maradhi mengine yaliyokuja wakati mmoja na meno. Na wale sita wa mavyaa wako waliopona, walipona kuharisha, alhamdulillah. Walioharisha wakati ule wasipone, nani leo anawahesabu?

Nije kwa jirani yako, na hapa sitakuwa na upole.

Hakuna jino la plastiki. Maneno haya, na ndugu yake "meno ya nailoni", yalienea Tanzania Bara tangu miaka ya 1980, na nchi nyingine za Afrika Mashariki zina jina lake kwa jambo lile lile. Hadithi ni moja: mtoto anaharisha, ana homa, anakonda, mtu anamfunua kinywa, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, anasema hilo ni jino baya, lisipotolewa mtoto atakufa. Anachukua wembe, sindano nene au spoku ya baiskeli, anachimba. Anatoa kitu cheupe, laini, kinachoteleza, anamwonesha mama. Mama anaamini kwa macho yake. Kumbe alichooneshwa ni jino la chonge la mwanawe mwenyewe, zima, ambalo bado halijakauka likawa gumu. Kila jino la binadamu linaanza hivyo. Ukilichimbua kwa mtoto wa miezi saba litakuwa laini kama plastiki, na ukilingoja mpaka mwaka na nusu litatoka lenyewe, gumu, jeupe, linauma mkate.

Na kwa nini uvimbe unaonekana zaidi pale? Kwa sababu chonge ni jino nene na linakaa pembeni penye mkunjo wa taya, basi ufizi wa pale umetuna kwa maumbile. Mwambie jirani yako amfunue mtoto wa mtu mwingine, mzima, anayecheka. Ataona vivimbe vile vile. Pengine ataona na vijidoa vyeupe kama punje za mchele juu ya ufizi. Hivyo ni vifuko vidogo visivyo na madhara, hupotea wenyewe.

Nimewaona watoto waliofanyiwa hivyo. Mmoja aliletwa kwangu akiwa na miaka tisa. Mama yake alimleta kwa ajili ya jino jingine kabisa, lililotoboka. Nilipomtazama nikaona chonge za utoto za chini hazipo pande zote mbili, na jino la ukubwani lililokuwa linatokeza pembeni yake lilikuwa na shimo la rangi ya kahawia, limekwaruzika, kama limezaliwa limezeeka. Nikamuuliza mama: alipokuwa mchanga alitolewa meno? Akakaa kimya muda mrefu, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema, "Waliniambia atakufa." Chini ya jino la utoto kuna mbegu ya jino la ukubwani, na anayechimba kwa spoku haoni mwisho wa spoku uko wapi. Huyu alikuwa na bahati. Wengine hutokwa na damu nyingi kwa mwili mdogo namna ile, wengine hupata pepopunda au sumu ya damu, na chombo kilichotoka kinywani mwa mtoto mmoja kikaingia kwa mwingine kinaweza kubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Na mtoto aliyekuwa anaharisha bado anaharisha, sasa na kidonda kinywani kinachomzuia kunyonya. Akikujia tena mtu na maneno hayo, mpe kikombe cha chai, umshukuru, na mtoto abaki mikononi mwako.

Sasa dawa. Jeli uliyouziwa, angalia maandishi yake kwenye boksi. Ikiwa na benzokeini au lignokeini, usimpake. Hizo zinatia ganzi, mate yanaziondoa baada ya dakika chache, mama anapaka tena na tena, na mtoto anameza. Ganzi ikishuka kooni anaweza kupaliwa na maziwa. Benzokeini pia inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa, mtoto akageuka rangi ya kijivu au buluu. Ndiyo maana mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziache kuuza dawa hizo kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Na zile sharubati za "meno" zisizojulikana zilikotoka ziogope zaidi. Nigeria, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2008, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa sharubati ya kuota meno iliyochanganyika na kemikali ya viwandani. Mama zao waliinunua kwa huruma kama uliyonayo wewe.

Mafuta ya karafuu, hapa najua nitawagusa Wapemba. Karafuu ndiyo iliyotusomesha, hata mimi ada yangu ya skuli ilianikwa juu ya jamvi. Na ni kweli kuwa mafuta yake yanatuliza jino, sisi wenyewe tunatumia kiini chake, yujinoli, katika dawa za kuzibia meno ya watu wazima. Lakini yale mafuta ya kuchemshwa, ya karafuu au ya makonyo (vile vikonyo vyake), yanayotoka viwandani kama kile cha Wawi hapa Pemba, sehemu yake kubwa sana ni hiyo yujinoli tupu. Paka tone moja kwenye mdomo wako wa ndani ungoje, utajua. Ufizi wa mtoto ni mwembamba kuliko huo, unababuka. Na akinywa, hata vijiko viwili tu vya chai, ini linaweza kuharibika. Imeshatokea kwa watoto na imeandikwa na madaktari. Kwa hivyo pamoja na kutompaka, iondoe chupa hiyo mahali anapoweza kufika, kwani miezi miwili ijayo atakuwa anasimama kwa kushika kabati.

Asali nayo isipite kinywani mwake kabla hajatimiza mwaka. Baraka yake haipungui kwa kungoja. Kwa mtoto mchanga asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli mpaka ya kupumulia. Hirizi na shanga za shingoni, sina ugomvi na anayezivaa, lakini uzi shingoni mwa mtoto anayelala unaweza kumkaba. Uvue anapolala.

Umeniuliza ufanye nini, na mpaka hapa nimekataza tu. Cha kufanya kwa jino ni kidogo na ni rahisi, na kizuri zaidi katika hivyo mavyaa wako anakijua kuliko mimi. Osha mkono kwa sabuni, kata kucha, kisha sugua ufizi kwa ncha ya kidole, taratibu, dakika moja mbili, ukikandamiza kidogo. Mtoto atakasirika kwanza halafu utamwona anatulia, macho yanalegea. Mpe bibi yake kazi hiyo jioni. Ya pili: chukua kitambaa safi cha pamba, au kipande cha kanga iliyochakaa na kulainika, kichemshe, kitie maji safi, kikunje, kikae kwenye friji mpaka kiwe baridi. Kisiwe barafu, barafu inaunguza ufizi. Mpe akitafune huku unamtazama. Asiye na friji, maji ya mtungi yanatosha. Muwa, kokwa ya embe, karoti, ganda gumu la boflo, hivyo vyote usimpe, maana vinamegeka, na kipande kikimkwama kooni hakirudi. Kidevu kifute kwa kugusa, usikisugue, na upake mafuta mepesi ya mgando kabla hajalala.

Akizidiwa na maumivu usiku, parasitamoli inakubalika, kwa uzito wake, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, na usirudie mpaka zipite saa sita tangu ulipompa. Mwanao wa kilo 8 anahitaji kati ya miligramu 80 na 120 kwa mara moja. Sharubati nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini si zote, kwa hivyo soma chupa na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha nyumbani hakina kipimo. Aspirini usimpe kabisa. Na ukiona unampa parasitamoli siku ya pili mfululizo, hilo si jino tena, nendeni kituoni.

Akiharisha tena, kwani ataharisha tena, watoto ndio walivyo, hili ndilo la kushika zaidi ya mengine yote. Pakiti moja ya chumvichumvi inataka lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Lita moja, si zaidi na si pungufu. Nyumba nyingi zina chupa ya maji ya dukani, na ile kubwa ni ya lita moja na nusu. Mama anaijaza yote, dawa inakuwa nyepesi mno. Tafuta chupa mbili za nusu lita, hapo hukosei. Mpe nusu kikombe kidogo hivi, mililita 50 mpaka 100, kila baada ya choo, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena, taratibu zaidi. Ikifika kesho wakati kama huo, iliyobaki mwaga, tengeneza nyengine. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 mara moja kwa siku, siku 10 mpaka 14, na usiikate tumbo linapokaza siku ya tatu, kwani inamkinga na kurudi kwa kuharisha. Dafu ni zuri, lakini haliwi badala ya chumvichumvi. Na ziwa lisikatwe hata siku moja. Wapo wanaosema maziwa ya mama "yameharibika" mtoto akiharisha. Hayaharibiki kifuani.

Usingoje asubuhi iwapo hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameingia degedege, amelegea na haamki vizuri, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi pole pole, au kinyesi kina damu. Mtazame kifua akiwa ametulia: kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi. Na homa yoyote inayochoma mkono ipimwe damu. Malaria imepungua sana visiwani kwetu lakini haijaondoka, na mvua za masika na za vuli huirudisha, na wageni kutoka Bara huja nayo bila ya kujua.

Jambo dogo nisilisahau. Chanjo ya surua na rubela ni mwezi wa tisa, ambao ni mwezi na nusu kutoka sasa, na bila shaka siku hiyo kutakuwa na jino linalokuja. Usiahirishe kwa sababu "anaota meno". Nimewaona watoto waliokosa chanjo mpaka mwaka ukapita kwa sababu kila tarehe ilipofika walikuwa wanaota.

Jino likishatoka, mswaki wa watoto na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje moja ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Asilale na chupa ya maziwa ya sukari kinywani. Basi, hilo tutalizungumza siku nyengine.

Nimebakiwa na kigego. Neno hili ni la zamani katika pwani yetu: mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, akahesabiwa nuksi, mpaka limekuwa tusi. Mama zao wamebeba mzigo ambao haukuwa wao. Katika kazi yangu watoto waliotanguliza ya juu nimewaona wengi kiasi kwamba siandiki hata kwenye kadi. Mpangilio wa meno ni urithi, kama rangi ya macho au namna mtu anavyotembea, na mara nyingi baba au shangazi naye alikuwa vivyo hivyo ila hakuna anayekumbuka. Ukimuuliza mavyaa kwa adabu, siku amekaa vizuri, mume wako alitanguliza yapi, huenda ukapata jibu la kukuchekesha.

Na huyo wa kwako mpaka leo hajatoa la juu wala la chini. Likitokeza, niandikie ni lipi.